Kompyuta ya SATA 2 nayo hufaidi SSD

Wengi huambiwa kwamba kuweka SSD (diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu) kwenye laptopu ya mwaka 2009 ni kutupa pesa, eti kwa kuwa SATA 2, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, haivuki megabaiti 300 kwa sekunde ilhali SSD hufikia 550. Namba ni sahihi, hitimisho si sahihi. Kinachochelewesha Windows kuwaka ni maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Diski inayozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 hadi 15 kufikia kila moja. SSD hutumia sehemu ndogo tu ya milisekunde, SATA iwe 2 au 3.

Kinachopunguza kasi ni BIOS (programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows) kuachwa kwenye IDE, mtindo wa zamani wa kuwasiliana na diski, maana hapo SSD haiwezi kupokea maombi mengi kwa pamoja. Weka AHCI, mtindo mpya unaoruhusu hilo, ila usibadilishe ghafla: Windows 10 inaweza kukwama kwenye skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwanza fungua msconfig (programu ya mipangilio ndani ya Windows), nenda Boot, weka tiki kwenye Safe boot, anzisha upya ukiingia moja kwa moja BIOS, chagua AHCI, acha Windows iwake, kisha ondoa tiki.

Kuna jambo jingine ukihamia SSD: patisheni (sehemu iliyotengwa ya diski) iliyoundwa na Windows XP huanzia sekta ya 63 (sekta ni kipande kidogo cha diski), hivyo uandishi mmoja huweza kugusa kurasa mbili za SSD, yaani vipande inavyoandikia, badala ya mmoja. Usiinakili kwenye SSD, iunde upya ianzie sekta ya 2048.