Acheni kugawa p ya Hotelling kwa mbili

"Nilitarajia wastani zote zipande, kwa hiyo p ya Hotelling naigawa kwa mbili, sivyo?" Sivyo. Jaribio la Hotelling hupima wastani za vigeu kadhaa kwa pamoja, na p ni uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi ikiwa kweli hakuna mabadiliko. Nimeulizwa swali hili na watafiti wengi mno, na baadhi huja wakiwa wameshaandika ripoti.

Mazoea haya yanatoka kwenye jaribio la t, linalopima wastani wa kigeu kimoja. Kigeu kikiwa kimoja, pande ni mbili tu, juu na chini, hivyo kugawa ni halali mradi tofauti iwe upande uliotabiri. Lakini T², kipimo alichokitoa Harold Hotelling mwaka 1931, hupima umbali kutoka sifuri. Wastani zikiwa (2, 2) au (−2, −2), jibu ni lile lile. Upande umeshapotea kabla hujaigusa p.

Tupige hesabu. Chukua vigeu viwili visivyohusiana, varianzi (kiasi cha kutawanyika) ya kila wastani inajulikana, ni 1. Hapo T² hufuata mgawanyo wa kai-mraba wa digrii 2 (moja kwa kila kigeu), na kizingiti chake cha kukataa kwa asilimia 5 ni 5.99. Ukigawa p kwa mbili, umekishusha hadi 4.61. Usipojali upande, utaikataa nadharia tete sifuri (kwamba hakuna mabadiliko) iliyo kweli mara 10 katika 100. Ukitaka wastani zote mbili ziwe chanya, umebakiwa na robo moja tu ya mchoro, na kosa linakuwa asilimia 2.5. Ile asilimia 5 uliyoiandika haimo kokote.

Jaribio la upande mmoja linalofaa lipo tangu mwaka 1963, kazi ya mtakwimu Kudô. Mgawanyo wake ni mchanganyiko wa kai-mraba: kwa vigeu vyetu viwili visivyohusiana, uzito ni robo kwa digrii 0, nusu kwa digrii 1 na robo kwa digrii 2, na kizingiti ni 4.23. Vigeu vikiwa na uwiano (korelesheni, kipimo cha kuhusiana kwao) wa 0.5, digrii 2 inapata theluthi moja na digrii 0 inabakiwa na sehemu moja ya sita. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: lazima kovarianzi (jinsi vigeu vinavyobadilika pamoja) iingie kwenye hesabu.

"Nimekataa sifuri, basi vigeu vyote vimepanda." Hapana, jaribio hili la Kudô linadai kwamba angalau kimoja kimepanda. Ukitaka vyote, pima kila kimoja kwa upande mmoja kwa asilimia 5, na vyote vifaulu. Marekebisho ya Bonferroni (kugawa asilimia 5 kwa idadi ya vipimo) hapa hayahitajiki, tafadhali yaacheni.

"Upande nitauchagua nikishaona data." Huo si upande mmoja tena.

"Wastani zote zikiwa hasi, jaribio haliwezi kukataa." Linaweza. Weka uwiano wa 0.9 na wastani (−4, −2). Kwa kuwa kigeu cha kwanza kimeshuka 4, cha pili kilitarajiwa kushuka 3.6, kimeshuka 2 tu, na jaribio linaisoma tofauti hiyo ya 1.6 kama dalili kwamba cha pili kimepanda. Kwa hiyo mimi hudai kuona mchoro wa nukta kwanza, kabla ya p yoyote.