Tezo ya springi haikurejelezwa

Kurejeleza ni kukirudisha kitu kilichokwisha kazi kwenye hali ya malighafi, kisha kuanza upya: plastiki husagwa na kuyeyushwa, chuma huingia tanuri. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Lakini siku hizi hapa Lamu neno hili hubandikwa kila kitu kilichowahi kuwa kitu kingine, hata tezo (kifaa cha kuchongea mbao) ya fundi wa jahazi iliyofuliwa kutokana na springi ya lori.

Tezo hiyo haikurejelezwa, ilitumiwa upya, na tofauti yake imo ndani ya chuma chenyewe. Springi bapa za lori huwa na kaboni kama asilimia 0.6. Ndiyo maana mhunzi akikipasha moto kipande chake hadi sumaku isikivute tena, karibu nyuzi 770 za Selsiasi, akakizidishia moto kidogo na kukitumbukiza kwenye mafuta, hukaza. Kisha hukipasha tena kwa moto mdogo, la sivyo kitapasuka kwa pigo la kwanza la mti mgumu. Nondo ya kujengea, kwa kawaida, haina kaboni ya kutosha. Ukiifanyia hayo yote itabaki laini, na makali yatakunjika. Fundi asiyejua kipande kimetoka wapi hukigusisha kwenye mashine ya kunolea: cheche zikichanua matawi mengi, kaboni ipo, zikiwa mistari mirefu mitupu, akiweke kando.

Kwa hiyo anachookoa fundi si kilo za chuma, ni sifa iliyotiwa kiwandani. Springi hiyo hiyo ikiyeyushwa pamoja na mabati na mabaki ya mota, sifa ile hupotea mchanganyikoni. Shaba ya nyaya ikishaingia humo, kuitoa ni kazi ngumu mno.

Anayetaka kuona kurejeleza hasa aitazame FlipFlopi, chombo cha baharini kilichoundwa hapa Lamu na kushuliwa mwaka 2018. Watu huikumbuka kwa rangi za ndara zilizoipamba (mimi pia huanza kuangalia huko), lakini kurejeleza kwenyewe kumo kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake) na mbao zake: plastiki iliyoyeyushwa na kupewa umbo jipya.

Fundi wa tezo tumsifu kwa kutumia upya. Vipande vinavyobaki chini ya fuawe (chuma anachofulia mhunzi), vikichukuliwa na wanunuzi wa vyuma kuukuu hadi tanurini, hivyo ndivyo vitakavyorejelezwa.