Je, wajua kwa nini siasa zina mrengo wa kushoto na wa kulia?

Redio ikitangaza uchaguzi wa Ulaya au Amerika Kusini, lazima utasikia kwamba mrengo wa kushoto umeshinda au wa kulia umeanguka. Aliyetega sikio Newala au Nachingwea ana haki ya kuuliza: kushoto kwa nani?

Kushoto kwa mwenyekiti wa kikao. Mwaka 1789 Bunge la Taifa la Ufaransa lilikuwa Versailles likiandika katiba, na mjadala mkali ukawa kama Mfalme Louis XVI awe na kura ya turufu ya kuzuia sheria. Waliotaka mfalme abaki na nguvu walijikusanya mkono wa kulia wa mwenyekiti, wapinzani wao wakajazana kushoto. Mwishowe mfalme alipewa uwezo wa kuchelewesha sheria tu, si kuizima. Aliuawa mwaka 1793, lakini desturi ya kuwataja wanasiasa kwa upande wa viti vyao ilibaki na ikaenea duniani.

Siku hizi hoja si mfalme tena. Kwa ufupi, wa kushoto hutanguliza usawa: dola isimamie uchumi, mwenye nacho atozwe zaidi, huduma ziwe za wote. Wa kulia hutanguliza mali binafsi, soko huria na utaratibu uliozoeleka. Mwisho kabisa wa kushoto wamo wakomunisti, mwisho wa kulia mafashisti, na watu wengi wako katikati.

Kwetu, Azimio la Arusha la Februari 1967, lililofuatiwa na kutaifishwa kwa mabenki na viwanda vikubwa, lilikuwa la kushoto bila ubishi. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwalegezea viongozi masharti ya kumiliki mali, na hiyo ilikuwa hatua ya kuelekea kulia. Chama kilichopitisha hilo la pili, CCM, ni mrithi wa TANU iliyopitisha la kwanza. Hadi leo Ibara ya 3 ya Katiba inasema Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa, huku minada na masoko yakiendelea kila mahali.

Ukitaka kuusikia mvutano huu kwa masikio yako, nenda Tandahimba msimu wa korosho. Mkulima anapeleka korosho ghafi AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinapimwa uzito na unyevu, zinapangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, kisha anasubiri mnada na malipo. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mkoani Mtwara mwaka 2007. Pembeni yuko kangomba, mnunuzi wa magendo anayekuja hadi nyumbani na fedha taslimu na bei ya kunyonya, kinyume cha sheria. Anayesema serikali imkomeshe kangomba ili mnyonge asipunjwe anasema la kushoto. Anayesema "korosho zangu, shamba langu, niacheni niuze kwa nimtakaye" anasema la kulia. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei za chini, Rais Magufuli aliamua serikali inunue korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Kwa kipimo cha uchumi, kushoto zaidi ya hapo ni nadra.

Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba mkulima yuleyule anaweza kudai salfa (dawa ya mikorosho) ya ruzuku asubuhi na uhuru wa kuuza jioni, na hajichanganyi hata kidogo. Ana mahitaji mawili, na kila moja lina sababu yake. Kumbandika jina la mrengo mmoja ni kumpunja.

Tena yapo mambo ambayo mstari huu wa kushoto na kulia hauyagusi kabisa. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, dai lilikuwa mkoa inakotoka gesi ufaidike nayo. Serikali ya kushoto ingeweza kulijenga bomba lile, ya kulia nayo pia. Ndiyo maana wachambuzi wengine huongeza mistari: mmoja wa kupima nguvu ya dola dhidi ya uhuru wa mtu, mwingine wa kupima madaraka ya makao makuu dhidi ya yale ya mikoa. Kwenye huu wa mwisho, madai ya Mtwara yana mahali pake pa wazi kabisa.