Glasi ya barafu imeharibu kipimo kizima

Nimeletewa tena kipimajoto cha kidijitali ambacho mwenyewe "amekihakiki". Alitia kihisi kwenye glasi ya maji yenye vipande vya barafu, kikasoma 2.1, akabonyeza kitufe cha kuweka sifuri. Tangu hapo kila kitu anachopima kinaonekana baridi kuliko kilivyo.

Jamani, barafu kuelea juu hakuyafanyi maji yote kuwa nyuzi 0! Maji huwa mazito zaidi yakikaribia nyuzi 4, nayo hutuama chini, palepale ncha ya kihisi ilipogusa. Kihisi kilisema kweli, akakilazimisha kudanganya.

Barafu inayofaa husagwa, tena iwe ya maji safi yasiyo na chumvi. Ijaze thamosi mpaka chini kabisa, kisha mimina maji safi ya kuziba mianya tu. Barafu ikianza kuelea na kuacha maji matupu chini, punguza maji, ongeza barafu. Ncha ikae katikati, bila kugusa ukuta, na shina la kihisi lizame walau mara 10 hadi 15 ya kipenyo chake. Likizama kidogo, joto la chumba hupenya kupitia chuma na kufika kwenye ncha. Hapa ndipo wengi hukosea, na skrini haiwaambii. Koroga, subiri namba itulie, ndipo uandike.

Hata hivyo umehakiki nukta moja tu. Pt100, yaani kihisi cha platini ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda na joto, ina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Inaweza kuwa sahihi hapa na kupotoka kule. Maji yanayochemka nayo hayafiki 100 kila mahali: mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huchemka kwenye 95 hivi. Na ukiunganisha kwa waya mbili, ukinzani wa waya hujumlishwa na wa kihisi, na kila omu 0.385 ya waya ni digrii nzima ya uongo.

Mimi mwenyewe, kwa barafu niliyoisaga kwa mikono yangu, sithubutu kudai usahihi unaopita sehemu moja ya kumi ya digrii. Skrini ikionyesha desimali ya pili, siiandiki.

Kile kipimajoto nilicholetewa nilikifutia marekebisho, nikakizamisha kwenye thamosi. Kilisoma 0.1. Sikugusa kitufe.