Maarufu si mpendwa: neno moja katika utafiti wa vijana balehe

Katika vikao vya wazazi na walimu, na hata katika makala za malezi, husemwa mara nyingi mno kwamba utafiti umethibitisha kuwa mwanafunzi maarufu ndiye anayependwa zaidi na wenzake. Utafiti haukuthibitisha hivyo, na kosa lenyewe limeanzia katika tafsiri ya neno moja.

Sosiometria ni upimaji wa mahusiano ndani ya kundi kwa kuwauliza wanakundi wenyewe. Jacob Moreno aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1934, baada ya kuwauliza wasichana wa shule ya marekebisho ya Hudson, jimbo la New York, wangependa kuishi nyumba moja na nani. Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli waliwauliza wanafunzi wanampenda nani zaidi na nani hawampendi, kisha aliyetajwa sana katika swali la kwanza na kwa nadra katika la pili wakampa jina la Kiingereza popular, linalotokana na populus, neno la Kilatini lenye maana ya watu. Katika Kiingereza jina hilo hubeba mambo mawili, kupendwa na watu na kuwa na jina mbele yao, na wafasiri wetu wakaliandika kuwa maarufu.

Hapo ndipo ninapopinga. Maarufu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kujua, ule ule uliotupa maarifa, taarifa na kuarifu, na umbo lake ni la kutendwa, kwa hiyo maarufu ni mtu anayejulikana, basi. Mashuhuri ni ndugu yake kwa umbo na karibu kwa maana. Anayependwa tunaye mahabubu, ambalo nalo limeumbwa vivyo hivyo kutoka katika mzizi wa mapenzi, na tunaye mpendwa, neno letu la Kibantu. Mwizi huweza kuwa maarufu mtaa mzima, na hakuna msemaji wa Kiswahili atakayedhani kwamba mtaa unampenda. Lugha yetu ilikwisha kutenganisha jambo ambalo watafiti walilitenganisha baadaye kwa taabu.

Mwaka 1998 Jennifer Parkhurst na Andrea Hopmeyer waliuliza maswali yote mawili kwa wanafunzi wa darasa la saba na la nane nchini Marekani: unampenda nani, na nani ana jina hapa shuleni. Waliopendwa bila kuwa na jina walielezwa na wenzao kuwa wema na waaminifu, ilhali wenye jina wasiopendwa sana walielezwa kuwa wakali, wenye kiburi na wenye kutawala wengine. Kabla yao Donna Eder, aliyekaa na wanafunzi na kuwatazama badala ya kugawa madodoso, alikwisha kuonyesha mwaka 1985 jinsi wasichana wenye jina wanavyoanza kuchukiwa, kwa kuwa wengi hutaka urafiki wao nao hawawezi kuurudisha kwa wote, hata wakadhaniwa kuwa wanajivuna.

Kwa hiyo anayenukuu utafiti wa aina hii namsihi atazame kwanza swali waliloulizwa vijana: ikiwa waliulizwa wanampenda nani, aandike mpendwa wa wenzake, na maarufu aliweke kwa yule ambaye wote wanamjua.