Kumpoza kichanga hadi nyuzi 18: maana yake katika upasuaji wa moyo

Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe atapozwa na damu yake itasimamishwa, moyo humwenda mbio, na ana haki. Basi tulieleze jambo hili polepole.

Kumpoza mtoto hapa ni kushusha joto la mwili wake kutoka nyuzi 37 za Selsiasi hadi karibu 18. Hagandishwi. Mwili ukipoa hivyo hutumia oksijeni kidogo sana, na hapo ndipo daktari hupata nafasi ya kusimamisha mzunguko wa damu kwa muda.

Kwa nini usimamishwe? Moyo wa mtoto aliyezaliwa juzi hauzidi sana ngumi yake. Mirija ya mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, huziba njia, na damu huficha mahali pa kushona. Kuna kasoro, hasa za upinde wa aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), zisizoshoneka vizuri mpaka pawe pakavu.

Damu hupozwa ndani ya mashine na kurudishwa mwilini, bila haraka, kwa dakika 20 hivi au zaidi. Barafu huzungushwa kichwani. Kisha mashine huzimwa, na mtu mmoja hutaja dakika kwa sauti huku mpasuaji akishona.

Ubongo ndio unaohofiwa. Katika joto la kawaida, dakika chache tu bila damu huudhuru. Kwenye nyuzi 18 huvumilia takriban nusu saa. Ikipita dakika 40, hatari huongezeka. Utafiti uliofanywa Boston, Marekani, matokeo yake ya kwanza yakatoka 1993, ulionyesha kwamba watoto waliosimamishiwa damu walipata degedege zaidi baada ya upasuaji kuliko walioachiwa mtiririko mdogo. Hata kupasha joto tena hufanywa taratibu, kwa sababu ubongo uliotoka kwenye baridi hauvumilii joto la kupita kiasi.

Mwaka 1952, huko Minnesota, Marekani, daktari mpasuaji John Lewis aliziba tundu la moyo wa msichana wa miaka mitano aliyepozwa hadi nyuzi 28 hivi. Baadaye mpasuaji Brian Barratt-Boyes, huko Auckland, New Zealand, akaeneza upozaji wa chini zaidi kwa vichanga.

Siku hizi wapasuaji wengi hupeleka damu kidogo kwenye ubongo kupitia mshipa mmoja wakati mwili uliobaki umetulia. Kusimamisha kabisa huachiwa dakika zile chache ambazo hakuna njia nyingine.