Kwa Nini Jirani Anashangilia Goli Kabla Yako, na Satelaiti Inahusikaje

Swali tunaloulizwa kuliko yote kila yanapokaribia mashindano makubwa ni hili: mbona jirani kashapiga kelele za goli na mimi kwenye simu naona mpira bado uko katikati ya uwanja? Na wengi wanajijibu wenyewe, aah ni satelaiti hiyo, iko mbali sana huko juu ndo maana picha inachelewa. Mimi kazi yangu ni mawasiliano ya satelaiti na nataka hili tuliweke sawa kabisa, kwasababu satelaiti inalaumiwa kwa kosa ambalo sehemu kubwa sio lake, na ukishajua kosa ni la nani utajua mechi uiangalie kwa njia gani, na wale wanaobeti huku mechi inaendelea naomba wasome mpaka chini maana hili linagusa hela yao.

Tuanze na umbali. Satelaiti nyingi za TV zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Urefu huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha, ukifika hapo satelaiti inamaliza mzunguko mmoja kwa masaa 23 na dakika 56, muda ule ule ambao dunia yenyewe inatumia kujizungusha, kwahiyo ukiwa chini inaonekana kama imesimama sehemu moja mchana na usiku, na ndo maana dishi likishafungwa vizuri halina haja ya kugeuzwa tena. Sasa mawimbi ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda na kushuka jumla ni kilomita elfu 71 na ushee, piga hesabu unapata kama robo sekunde. Robo sekunde tu! Hata mechi ikirushwa mara mbili, kwanza kutoka uwanjani kwenda kituo cha TV cha nchi nyingine halafu kutoka kituo hicho kwenda kwenye dishi lako, haifiki mbali na nusu sekunde. Haya, sekunde 30 au 40 ambazo simu inaweza kuchelewa zimetoka wapi?

Zimetoka huku huku ardhini. Kamera ya HD pale uwanjani inatoa data kama gigabiti 1.5 kila sekunde, na hakuna bando wala king'amuzi cha nyumbani kinachobeba mzigo huo, kwahiyo lazima ibanwe mpaka zibaki megabiti chache. Mashine ya kubana, enkoda, inafanya kazi kwa kulinganisha picha moja na nyingine, nyasi ambazo hazijabadilika haizitumi upya, inatuma kilichosogea tu, na ili iweze kulinganisha inabidi isubiri picha kadhaa ziingie kwanza. Muda umeshaanza kuliwa hapo. Signo inafika kituo cha matangazo, inaongezwa sauti ya mtangazaji, nembo, matokeo kule pembeni, inabanwa tena, inarushwa, na king'amuzi chako nacho kina kazi ya kufungua kufuli la malipo halafu kuifungua picha yenyewe. Ndo maana hata mtu wa dishi haoni goli muda ule ule na aliyekaa uwanjani, huwa yuko nyuma kwa sekunde kadhaa, na nyingi kati ya hizo zimeliwa na mashine za kubana na kufungua, wala sio safari ya kwenda angani.

Striming ndo kuna balaa kubwa zaidi. Video ya intaneti haimiminiki tu moja kwa moja, inakatwa vipande, na kila kipande kinatumwa kama faili. Mfumo unaotumika sana duniani, HLS wa Apple, unapendekeza kipande kiwe cha sekunde 6, na app kwa kawaida inataka iwe na vipande kama vitatu mkononi kabla haijaanza kukuonyesha chochote, ili mtandao ukiyumba kidogo picha isikwame. Sita mara tatu ni 18, na hapo hujaweka muda wa kubana, muda wa kusambaza vile vipande kwenye maseva (kompyuta kubwa za kugawa video) ya sehemu mbalimbali, wala muda wa simu yako kuvivuta. Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui, picha ikikwama halafu ikaendelea, app nyingi zinaendelea pale zilipoachia, yaani kila ikikwama wewe unazidi kubaki nyuma na hairudi yenyewe kufidia. Kama mtandao ulikusumbua kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko funga app uifungue upya au bonyeza kitufe cha kurudi laivu, utashangaa umeruka mbele sekunde ngapi.

Na wale wanaosema watanunua intaneti ya satelaiti za chini kama Starlink ili wawahi goli, nawaambia hivi. Ni kweli hizo ziko karibu, kilomita 550 hivi, na intaneti yake inajibu haraka sana kuliko ile ya satelaiti za juu, kwa simu za video na magemu ya mtandaoni tofauti utaiona. Lakini app ya mpira bado itataka vipande vyake mkononi kabla ya kuonyesha, iwe intaneti imetoka angani au kwenye waya. Goli litachelewa vile vile.

Sasa wanaobeti. Kampuni za kubeti hazisubiri striming. Zinanunua data kutoka kwa watu waliokaa pale pale uwanjani, wanaobonyeza kila tukio linapotokea, na data hiyo ni maandishi madogo tu, haina video ya kubana, inafika kwa muda mfupi sana. Wewe unaona mshambuliaji anaingia kwenye boksi unasema hapa naweka, kumbe kwa aliyekuuzia odds (viwango vya malipo ya beti) mpira ulishatoka nje zamani. Unabeti juu ya jambo lililokwisha dhidi ya mtu anayelijua lilivyokwisha. Kitaalamu hakuna namna ya kushinda mbio hizo ukiwa na simu, na ningependa kila kijana anayeamini jicho lake ni kali kwenye beti za laivu alielewe hili kabla hajaweka hata senti.

Lakini tusiisahau satelaiti ilikotutoa, maana kabla yake kuchelewa kulihesabiwa kwa siku. Kombe la Dunia la 1962 lilichezwa Chile, na watu wa Ulaya waliona mechi kwa filamu zilizosafirishwa kwa ndege, wakati matokeo walishayasikia redioni na kuyasoma magazetini. Mwaka huo huo, Julai 10, ikarushwa satelaiti ya Telstar, na Julai 23 Ulaya ikaona picha za laivu kutoka Marekani, ikiwemo sehemu ya mechi ya besiboli iliyokuwa inachezwa Chicago. Shida ni kwamba Telstar haikuwa kule juu kwenye kilomita 35,786, ilikuwa chini na inakimbia, kwahiyo Ulaya na Marekani zilikuwa zinaiona kwa pamoja kama dakika 20 tu kila inapopita halafu inazama. Mechi nzima usingeweza kuionyesha kwa namna hiyo. Suluhisho likaja Agosti 1964 na satelaiti ya Syncom 3, ya kwanza kukaa kwenye ule mzunguko wa kusimama juu ya ikweta, na miezi miwili baadaye ikapeleka picha za Olimpiki ya Tokyo mpaka Marekani. Kuanzia hapo michezo haikurudi tena ilikokuwa.

Ukitaka kujua satelaiti iliingia kiasi gani kwenye mpira, angalia mpira wenyewe wa Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Ule wa vipande 32, vyeusi 12 na vyeupe 20, ambao mpaka leo mtoto akiambiwa achore mpira anauchora ule. Adidas waliupa jina Telstar, jina lile lile la satelaiti, na rangi zake ziliwekwa hivyo ili uonekane vizuri kwenye TV za wakati huo ambazo nyingi zilikuwa hazina rangi. Na Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa saa kumi alfajiri, sio kwamba mabondia walipenda kuamka, ni ili pambano lifike Marekani wakati watu wako macho usiku. Satelaiti ilikuwa imeshaanza kupanga saa za michezo, na mpaka leo ukiona mechi imewekwa mchana wa jua kali jiulize watazamaji wengi wenye hela wako upande gani wa dunia.

Satelaiti ina kitu kimoja ambacho intaneti mpaka leo inahangaika nacho. Mionzi yake inashuka juu ya eneo zima, nyumba kumi zikiwasha au milioni kumi, kwa satelaiti ni kazi ile ile, haijui hata mko wangapi. Striming kila mtazamaji anahitaji nakala yake. Novemba 15, 2024 Netflix walionyesha pambano la Mike Tyson na Jake Paul kutoka Arlington, Texas, wakatangaza kwamba kwa wakati mmoja ilifika striming milioni 65, na watu wengi walilalamika picha inakwama na kuwa na ukungu. Sisemi hivyo kuwakandia, kuhudumia watu wengi kiasi hicho kwa mpigo kupitia intaneti ni kazi ngumu kweli kweli na wahandisi wanajifunza kila tukio. Ila kwa mashindano makubwa kama Kombe la Dunia la 2026, timu 48 na mechi 104 zilizogawanywa kwa Marekani, Canada na Mexico, ushauri wangu ni huu, kama una dishi na una simu, fainali iangalie kwenye dishi.

Teknolojia ya anga imeshaingia hadi ndani ya jezi pia. Kile kivesti cheusi anachovaa mchezaji kina kifaa kidogo mgongoni kinachosikiliza satelaiti za GPS, zilizoko kilomita kama 20,200 juu, ili benchi lijue amekimbia kiasi gani na kwa kasi gani. Na kwenye Kombe la Dunia la Qatar la 2022 ndani ya mpira kulikuwa na sensa, yaani kifaa kidogo cha kupima, iliyotuma data mara 500 kwa sekunde, kusaidia kujua mpira uliguswa lini hasa, huku kamera 12 za kwenye paa zikifuatilia viungo vya wachezaji kwa ajili ya ofsaidi. Sensa ya namna ile, inayopima mwendo na mzunguko, ni ya ukoo mmoja na zile zinazoongoza roketi.

Sasa kama unataka kuona umbali ukichelewesha picha kweli, toka nje kabisa ya dunia. Mwezini mawimbi yanafika kwa sekunde 1.3. Mars ni kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari zimekaaje, goli la mechi ya Mars ungeliona wakati wachezaji wameshaenda kupumzika. Desemba 2023 chombo cha NASA kinachoitwa Psyche kilituma duniani video ya HD ya paka anayefukuza taa ya leza, kutoka kilomita karibu milioni 31, kwa kutumia mwanga wa leza badala ya redio, na ilifika kwa sekunde 101. Pale hakuna wa kumlaumu, ni mwanga wenyewe ulikuwa njiani. Watu wengine waliona ni mchezo, mimi nilifurahi sana, kwasababu siku binadamu wakikaa Mars watataka kuona familia zao na mpira wao, na njia ni hiyo.

Turudi kwenye dishi lako, maana kuna makosa mawili ambayo ni ya anga kweli. La kwanza mvua. Madishi madogo ya nyumbani mengi yanatumia masafa ya karibu gigahezi 12, na mvua kubwa inayanyonya na kuyatawanya hayo mawimbi, ndo picha inavunjika vunjika. Madishi yale makubwa ya gigahezi 4 yanavumilia zaidi. La pili ni jua. Karibu na Machi na Septemba kuna siku chache jua linapita nyuma kabisa ya satelaiti ukiangalia kutoka kwenye dishi, na kelele zake za redio zinaifunika signo kwa dakika kadhaa. Kwahiyo kipindi hicho picha ikipotea mchana kweupe, hakuna hata wingu, na kesho yake ikapotea tena karibu saa ile ile, usiite fundi aje kugeuza dishi ambalo liko sawa. Subiri zile dakika zipite, itarudi yenyewe.